Mwalimu hodari yuko darasa la sita

Mwezi wa tisa unapoanza, kabla kengele ya kwanza haijalia, mkuu wa shule ya msingi huko Katuba au Kenya, komine (mitaa) za jiji la Lubumbashi nchini Kongo, huketi na orodha mbili, ya madarasa na ya walimu. Hugawa akianzia juu. Darasa la sita humpa yule aliyekomaa kazini, kwa sababu mwisho wa mwaka watoto wake watafanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, na asilimia ya waliofaulu ndiyo itakayotajwa mbele ya wazazi na kupelekwa kwa wakubwa. La tano humpa anayemfuata. Orodha inashuka hivyo mpaka chini. Anayebaki mara nyingi ni kijana aliyepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, juzi tu, ambaye hana hata namba ya matrikile, yaani ya kuandikishwa kwenye malipo ya Serikali, naye anakabidhiwa darasa la kwanza: watoto mia moja na kitu, wa miaka sita, wengi wao hawajawahi kushika biki.

Mkuu huyo si mjinga. Anafanya kile anachopimwa nacho. Lakini anayetaka kujua kwa nini mageuzi ya elimu ya Kongo yanasikika redioni kuliko darasani aanzie kwenye orodha hiyo, asianzie Kinshasa.

Maana Kinshasa haikukaa bure. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilipanga upya ngazi zote: elimu ya msingi ikawa miaka minane, sita ya primeri pamoja na darasa la 7 na la 8, kisha miaka minne ya humanités, yaani sekondari ya juu. Programu za hesabu na sayansi za sekondari zikaanza kuandikwa upya. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi akaanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema primeri katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Juni 2020 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 za kuunga mkono kazi hiyo. Mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vikaingizwa katika mfumo wa LMD, ule wa licence, master na doctorat wa miaka mitatu, miwili na mitatu. Mwaka 2024 wizara ikapewa jina la Elimu ya Kitaifa na Uraia Mpya, na Raïssa Malu, mwanafizikia, akawa waziri.

Kubwa kati ya hayo yote ni lile la 2019. Tangu migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyemlipa mwalimu wa Kongo kwa kweli alikuwa mzazi. Mshahara wa Serikali ulikuwa haufiki, au ukifika haununui kitu, kwa hiyo wazazi na makanisa yanayosimamia shule wakakubaliana pesa ya kumtia mwalimu moyo. Ilianza kama ya dharura ikakaa karibu miaka thelathini. Mtoto asiyeleta minervali, yaani ada, alifukuzwa darasani katikati ya somo, kaye (daftari) mkononi, huku wenzake wakimtazama. Anayedai leo kwamba elimu ya bure ilikuwa kosa amesahau mandhari hiyo, au watoto wake hawakusoma shule za namna hiyo.

Ila mlango uliofunguliwa ni wa darasa la kwanza. Umati ukaingia kupitia hapo, ukamkuta yule kijana asiye na matrikile.

Tupige hesabu kidogo. Chumba cha kawaida kina safu tatu za madawati, tuseme madawati 25. Kila dawati limetengenezwa kwa watoto wawili: jumla 50. Wakiwa mia, wanakaa wanne wanne. Wanne kwenye dawati la wawili maana yake viwiko vinagongana, kaye haifunguki yote, na mtoto wa katikati anaandikia magotini. Njia kati ya safu zinajaa mifuko na wale waliokaa chini. Mwalimu hawezi tena kutembea kuona nani ameshika biki vibaya, nani anaandika b badala ya d. Anabaki ubaoni na kuwasahihisha walioko mbele. Aliye dawati la mwisho anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuguswa mkono na mwalimu wake.

Kuna pia muda. Somo la primeri ni nusu saa. Ili mtoto ajue kusoma lazima asome yeye mwenyewe kwa sauti, mtu akimsikiliza. Ukimpa kila mmoja dakika moja tu, watoto mia wanakula dakika mia, yaani masomo matatu na zaidi, na hapo mwalimu hajafundisha herufi mpya wala hajafuta ubao. Basi anafanya ambalo kila mtu angefanya: darasa zima linaimba. Anagonga ubao kwa fimbo, «ma, me, mi, mo, mu», na sauti mia zinaitikia mpaka barabarani. Inapendeza kuisikia. Walakini wanaosoma humo ndani ni kama kumi na tano, wengine wanafuata wimbo. Ficha ubao uandike «mu, mi, ma» kwa mpangilio mwingine, utasikia wengi wanaitika «ma, me, mi» vilevile.

Benki ya Dunia imeandika kwamba asilimia 97 ya watoto wa Kongo wenye miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Kipimo hicho huwahesabu na wasiokwenda shule kabisa kama wasiojua kusoma, kwa hiyo si picha ya darasa peke yake. Hata hivyo, hakuna mwalimu wa darasa la tatu hapa Lubumbashi atakayeshangaa akionyeshwa namba hiyo.

Shule nyingi zilijibu wingi kwa zamu mbili: kundi la asubuhi, kundi la mchana. Saa zikapungua kwa wote, na kwa Lubumbashi kuna jambo ambalo ratiba haikuandika. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua yetu hupenda kunyesha mchana. Mabati hayana dari, na mvua kubwa ikianza mwalimu anaweza kupiga kelele awezavyo, dawati la pili hawamsikii. Wingu likitanda, chumba kinakuwa giza na umeme hakuna. Mahali ambapo wadogo ndio waliopewa zamu ya mchana, wamepewa saa mbovu kuliko zote za mwaka.

Kwa nini basi mkuu asiwagawe watoto mia katika vyumba viwili? Mara nyingine chumba kipo! Jengo ni tatizo dogo kuliko watu wanavyodhani, hasa katika jimbo hili la shaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au himaya ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani. Kwa pesa hiyo, mahali palipo mgodi panaweza kujengwa madarasa sita ya matofali ya saruji kwa miezi michache, yapakwe rangi, yawekwe kibao cha jina la aliyeyafungua.

Lakini komine haiwezi kumwandikisha mwalimu kwenye malipo. Hilo linapita njia nyingine kabisa. Kwanza shule iwe na hati ya waziri inayoikubali, na hati hiyo inataja idadi ya madarasa: ukifungua darasa la kwanza B ambalo halimo, kwa mfumo wa malipo darasa hilo halipo. Halafu mwalimu aandae faili lake, nakala ya diploma, barua ya kupangiwa kazi, na hati inayothibitisha tarehe aliyoanza. Faili linapanda kutoka shule kwenda ofisi ndogo ya elimu, kutoka hapo kwenda divisheni ya jimbo, kwa DINACOPE, idara inayosimamia malipo ya walimu, mpaka Kinshasa. Huko nako linasubiri bajeti iwe na nafasi. Jina la kwenye cheti likitofautiana kidogo na la kitambulisho, Ilunga huku na Ilunga wa jina la pili kule, linarudi na safari inaanza upya. Katika kungojea huko mwalimu anaitwa N.U., nouvelle unité, na u-mpya wake unaweza kudumu miaka. Nani anamlipa? Wazazi, kimyakimya, katika shule ya bure. Asipolipwa anaondoka katikati ya muhula kwenda kufundisha shule ya binafsi au kuuza krediti ya simu, na watoto wake wanarudishwa kwa jirani aliyekuwa na mia, sasa wanakuwa mia na sitini.

Kwa hiyo jengo zuri likifunguliwa kwa shangwe, swali la kumuuliza aliyekata utepe ni moja: walimu wa humu wana matrikile?

Hata hivyo, chumba kingekuwepo na mshahara ungefika, bado kuna kinachomkwamisha mtoto wa Lubumbashi, na hiki hakizungumzwi sana kwa sababu sote tunadhani tumekimaliza. Ni Kiswahili.

Katiba inataja lugha nne za kitaifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai. Programu inataka darasa la kwanza na la pili lifundishwe kwa lugha ya kitaifa, Kifaransa kikiwa somo, halafu kuanzia la tatu Kifaransa kichukue kazi ya kufundishia. Sababu ni njema: mtoto ajifunze kusoma katika lugha anayoijua, kisha ahamishe ufundi huo. Vitabu viliandikwa. Mradi wa ACCELERE!, uliogharimiwa na Marekani na Uingereza kuanzia 2015, ulitoa vya Kiswahili, Lingala na Kiluba cha Kasai.

Ufungue kitabu cha Kiswahili mbele ya mtoto wa Kamalondo. Ukurasa una picha ya mtoto, na chini yake neno «mtoto». Mwalimu amefundisha wiki nzima kwamba m na u ni «mu». Mtoto anatazama picha, mdomoni mwake lipo neno tayari, «mutoto», anaitafuta u aliyofundishwa na haipo. Anageuza kichwa. Vivyo hivyo «mti», «mkate», «mtu»: yeye anasema muti, mukate, mutu. Ukurasa unaofuata una «maji», kwao ni mayi. «Vitu» ni bintu, «watoto» ni batoto, «moja» ni moya, «shuleni» ni ku masomo. Hakuna hata neno moja hapo ambalo ni geni kabisa, ndiyo maana watu wazima hawaoni shida. Lakini anayeanza kusoma ana kazi moja tu, kuunganisha alama na sauti iliyo kinywani mwake, na hapa karibu kila neno alama na sauti zimekosana kidogo. Mwenye bahati anadhani amekosea. Asiye na bahati anahitimisha kwamba kusoma ni kukariri.

Wazazi wameligundua kwa njia yao. Husema kile ni Kiswahili bora, cha Watanzania, na wengine wanauliza kwa nini mtoto asianze moja kwa moja na Kifaransa kama shule za binafsi zinavyofanya. Swali lao si la kudharau. Hata hivyo kuanza na Kifaransa ni kuongeza umbali badala ya kuupunguza. Dawa ni ndogo, na haihitaji kitabu kipya: wiki za kwanza mwalimu aandike ubaoni maneno jinsi watoto wanavyoyasema, mutoto, muti, mukate, mpaka wajue kuunganisha. Kisha siku moja awaambie wazi: katika kitabu u hii haiandikwi, mdomo wako ufunge kwenye m. Wataelewa kwa masomo mawili matatu. Kinachomzuia ni hofu ya mkaguzi, kwa maana fiche ya maandalizi yenyewe ameiandika kwa Kifaransa, amesomea ualimu kwa Kifaransa, na hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kufundisha kusoma kwa Kiswahili. Anajua kukiongea, basi ikadhaniwa anajua kukifundisha.

Kwenye hesabu mambo yanageuka. Kitabu kinasema sitini na saba, themanini na tatu. Mtoto huyo huyo ametumwa sokoni mara ngapi, na kule anasikia «cinq cents», «mille», «deux mille». Hapa Lubumbashi tukipita tano au kumi, tunahesabu kwa Kifaransa, na wala si kile cha Paris: tunasema septante na nonante tulivyoachiwa na Wabelgiji, jambo linalorahisisha kazi ya mwalimu kuliko anavyojua. Kumi na mbili akaijifunze kwa Kiswahili, vizuri, lakini mwalimu anayeanza na noti ya 500 na ya 1,000, watoto wakirudisha chenji, atafika kwenye mamia kabla ya anayewaimbisha hadi themanini.

Darasa la tatu ndipo daraja linapokatika. Mtoto ambaye Kiswahili hakijakaa vizuri mkononi anaambiwa sasa kila kitu ni Kifaransa, na herufi alizozizoea zinabadilika sura. U ya «ubao» siyo u ya «mur», naye anasoma «mour». Ch ya «chai» inageuka katika «chat», j ya «jina» katika «jour». «Panda» alilolisoma kama pa-n-da, sasa an inapanda puani. «Table» anaimalizia kwa e kamili. Hayo yote ni makosa ya mtoto mwenye akili: anatumia sheria alizopewa mahali ambapo sheria zimebadilika bila yeye kuarifiwa. Ukurasa mmoja ubaoni, safu mbili, sauti ya Kiswahili huku na ya Kifaransa kule, ungempunguzia mtoto muhula mzima wa kubabaika. Ni mambo ya chaki.

Kuhusu darasa la 7 na la 8 niseme machache. Sheria inayaita elimu ya msingi, Katiba inatoa bure ya primeri tu, kwa hiyo mtoto anavuka darasa la sita na kukutana tena na minervali ileile. Watakaopungua hapo watahesabiwa kama walioacha shule.

Turudi kwenye ile orodha ya mwezi wa tisa. Kinachoweza kuigeuza ni kipimo. Mkaguzi mwenye kuzungukia shule akiagizwa mwishoni mwa darasa la pili achague watoto ishirini kwa kura, kila mmoja asome sentensi tano asizowahi kuziona, na matokeo yake yaandikwe kwenye ripoti ya shule kando ya asilimia ya ENAFEP, mkuu wa shule atajua mwenyewe pa kumpeleka mwalimu wake hodari. Na mwalimu huyo akae na watoto hao hao miaka miwili, la kwanza na la pili, asikabidhi kazi nusu.

Wingi nao hauwezi kungoja DINACOPE. Shule inaweza kuingiza darasa la kwanza kwa mafungu mawili ndani ya zamu moja. Fungu la kwanza linafika saa moja na nusu na kuondoka saa tano na robo; la pili linafika saa mbili na robo na kuondoka saa sita. Mwalimu anafanya kazi saa zilezile. Katikati wako wote, wakati wa hesabu ya mdomo, nyimbo na mapumziko. Dakika 45 za mwanzo na 45 za mwisho anabaki na hamsini, wawili kwa dawati, na huo ndio wakati wa kusoma na kuandika. Mtoto anapoteza robo tatu ya saa ya kubanana na kupata robo tatu ya saa ambayo mwalimu anaweza kupita kati ya safu.

Mpango huo huharibika kwa mambo madogo. Watoto wakigawanywa kwa alfabeti, mdogo anaachana na kaka yake wa darasa la nne aliyekuwa akimvusha barabara. Wagawanywe kwa njia wanazopita na ndugu wanaoandamana nao. Saa hizo haziko kwenye ratiba rasmi, kwa hiyo mkuu aombe ruhusa ya maandishi kabla mkaguzi hajamkuta. Mwalimu asilitumie fungu dogo kuimbisha kama kawaida, maana hapo amepata nafasi bila kupata kitu. Na wale wa fungu la pili wanaowahi kufika wasingojee chini ya dirisha: madirisha mengi hayana vioo, na kelele ya watoto hamsini wanaosubiri inatosha kumfunika mmoja anayejaribu kusoma «mtoto».